Vanga: kijiji cha mwisho kabla ya mpaka, na pesa zilizopita hapo

Ukikaribia Vanga, simu yako hujua mapema kukuliko kwamba umefika mpakani. Bado uko Kenya, miguu yako iko kwenye mchanga wa Kaunti ya Kwale, lakini ujumbe unaingia: karibu Tanzania. Sisi tulioenda huko kuandika makala haya tulikaribishwa Tanzania mara tatu asubuhi moja, na hatukuwa tumevuka hata hatua moja.

Wenyeji walitucheka. Kwao hilo si jambo geni. Mtu anatembea kutoka msikitini hadi ufuoni na simu yake imebadilisha nchi mara mbili. Mtandao haujui mstari uliochorwa kwenye ramani. Ukiwauliza wazee, watakwambia kwamba samaki, mvua na jamaa zao pia hawajawahi kuujua.

Tulienda Vanga kwa sababu wateja wetu wengi wa mpakani hutuuliza maswali yanayofanana. Nimetuma pesa Tanzania zikafika pungufu, kwa nini? Laini ninayotumia si yangu, kuna shida? Kwa nini salio la maongezi linaisha na sijapiga simu? Tulitaka kuyajibu pale pale yanapozaliwa. Lakini ukifika Vanga huwezi kuzungumza juu ya pesa za leo kabla hujasimuliwa za jana. Basi na tuanze huko.

Kijiji kilichotajwa Ulaya

Kutoka Likoni unashika barabara ya Lunga Lunga. Unapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, halafu karibu na mpaka unakata kushoto kuelekea baharini. Barabara inaishia kwenye mikoko, na mikoko inaishia kwenye maji. Katikati yake ndipo pana Vanga: nyumba zilizobanana, misikiti, vichochoro, harufu ya samaki na nazi. Jirani zake ni Jimbo na Kiwegu. Ukivuka upande wa pili unaingia Mkoa wa Tanga, na kijiji cha kwanza utakachosikia kikitajwa ni Jasini.

Watu wa hapa ni Wavumba, Wadigo, Wasegeju, Wapemba na wengine waliofuata bahari. Wavumba wana lahaja yao, Kivumba, na wanaikumbuka Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa jirani na hapa, uliotawaliwa na Madiwani wa Vumba. Wakati huo hapakuwa na upande wa Kenya wala wa Tanzania. Palikuwa na pwani moja, na jamaa waliooleana kutoka Wasini hadi Tanga.

Mpaka ulikuja kwa karatasi. Mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo yao ya ushawishi Afrika Mashariki. Mstari wao ulianzia baharini, kwenye mdomo wa mto ambao mkataba uliuita Wanga au Umbe, yaani huu Mto Umba wa hapa, ukaenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, ukazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, na kuishia Ziwa Viktoria. Mkataba wa 1890 ukaukaza. Kwa hiyo kijiji hiki kidogo, ambacho hata Wakenya wengi hawajakifikia, kilikuwa ndio mahali ambapo kalamu ya wakubwa iligusa kwanza.

Haikuchukua muda watu wakajua mstari huo una matumizi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, alipolemewa alivuka na wafuasi wake Aprili 1896 akajisalimisha kwa Wajerumani. Hakuishi tena upande huu. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Mpaka ulikuwa umemwokoa, na pia ulikuwa umemfungia nje.

Januari 1915 vita vya wakubwa vikafika mlangoni kabisa. Waingereza walikuwa wameingia Jasini, kwenye shamba la mkonge, wakaweka kambi. Tarehe 18 na 19, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck liliwazingira mpaka wakasalimu amri. Waliopigana pale walikuwa kwa wingi askari Waafrika na Wahindi. Wajerumani walishinda, lakini walipoteza maafisa na risasi nyingi kiasi kwamba kamanda wao aliona hawezi kumudu ushindi mwingine wa namna hiyo. Tangu hapo akapendelea vita vya kuvizia.

Maneno ya pesa yanajua historia

Sikiliza vile watu wa hapa wanavyotaja pesa, utasikia historia yote hiyo bila kufungua kitabu.

Neno lenyewe “pesa” limetoka Bara Hindi, kwenye paisa, sarafu ndogo iliyozungushwa na wafanyabiashara wa baharini. Kabla ya hapo na sambamba nayo palikuwa na riale, sarafu kubwa za fedha zenye sura ya Maria Theresa. Waingereza walipotawala upande huu walitumia rupia ya India. Wajerumani upande wao walikuwa na rupia yao, na mwaka 1904 wakaigawa katika heller 100. Heller hiyo ndiyo iliyozaa “hela”. Ndio maana hadi leo ukivuka kwenda Tanga unaulizwa kama una hela, wakati huku tunaulizana kama kuna pesa. Ni jamaa wale wale na samaki wale wale, ila sarafu ya mkoloni mmoja iliacha jina upande mmoja zaidi ya mwingine.

Wakati wa vita Wajerumani walikatiwa njia ya baharini. Wakachapisha noti za muda hapa hapa Afrika, na mwaka 1916 wakafua sarafu za dharura Tabora, ikiwemo moja ya dhahabu yenye picha ya ndovu. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mchuuzi wa mpakani miaka hiyo. Umeuza samaki wako, mkononi una noti ya serikali inayokimbia. Utampa nani?

Baada ya vita ikaja florini mwaka 1920, na mwaka uliofuata shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Hiyo ndiyo wazee wanaikumbuka kwa mapenzi. Shilingi moja ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikajiunga mwaka 1936. Kwa miaka zaidi ya 40 mama wa Vanga aliuza samaki Jasini na kurudi nyumbani bila kubadilisha chochote.

Hayo yaliisha mwaka 1966. Tanzania ilitoa shilingi yake Juni, Kenya ikatoa yake Septemba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kwenye barabara kuu kufungwa mpaka ni geti na askari. Vanga ni kuamka na kuambiwa harusi ya mpwa wako iko nchi isiyofikika. Watu walienda tu, wengine kwa mtumbwi usiku, lakini biashara ya wazi ilikufa.

Leo kuna Jumuiya mpya, iliyotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na kule barabarani Lunga Lunga na Horohoro zinahudumia wasafiri kwa kituo cha pamoja. Lakini shilingi bado ni mbili. Na hapo ndipo maswali ya wateja wetu yanapoanzia.

Asubuhi ufuoni

Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, Vanga huamka mapema. Mashua za nyavu kubwa hurudi na samaki, na watu hujaa ufuoni: wavuvi, matajiri, wachuuzi, watu wa barafu, na mama karanga.

Kama hujui, tajiri hapa si lazima awe mtu wa majumba. Ni mtu anayemkopesha mvuvi mafuta, nyavu au pesa ya chakula, na mvuvi naye humuuzia samaki wake. Mama karanga ni wale akina mama wanaonunua samaki wadogo, wanawakaanga na kuwauza. Mmoja wao tulimkuta amekaa juu ya ndoo, ana simu mbili na beseni la simu. Hapana, hatujakosea: huku “simu” ni simu ya mkononi, na pia ni samaki mdogo kama dagaa. Yeye mwenyewe hufanya mzaha kwamba simu za beseni ndizo zinazolisha simu za mfukoni.

Huyu mama ananunua pande zote mbili. Siku mashua ikishusha upande wa Tanzania, anatuma pesa huko, na kijana wa boda boda anamletea mzigo. Zamani alimtuma kijana huyo huyo na noti mkononi. Pesa kwa simu ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka 2015 ikawezekana kutuma kutoka simu ya Kenya hadi simu ya Tanzania moja kwa moja. Kwake yeye hiyo ilimaanisha kitu kimoja: kijana wa boda boda habebi tena mtaji wake gizani.

Lakini alituambia aliwahi kupata hasara. Siku moja alikuwa na haraka, samaki wanagombaniwa, akatuma pesa za mtaji wote wa siku kwa nambari iliyokosewa tarakimu moja. Jina lilitokea kwenye skrini. Hakulisoma. Alipogundua, akampigia mwenye nambari badala ya kupiga huduma kwa wateja. Yule mtu akamwambia subiri kidogo nakurudishia, na kabla ya adhuhuri pesa zilikuwa zimetolewa. Wiki hiyo yote alikaanga samaki wa mkopo.

Sasa ana desturi. Kabla hajabonyeza, analisoma jina kwa sauti, kama anayemwita mtu. Wenzake humtania. Yeye husema heri kuchekwa kuliko kukopa.

Laini ya rafiki

Mtu wa pili tuliyekaa naye sana ni mvuvi wa asili ya Pemba. Hatutataja jina lake.

Wapemba wamevua pwani hii kwa vizazi. Kuna safari za msimu zinazoitwa dago, ambapo wavuvi hufuata samaki, hupiga kambi mahali kwa miezi kadhaa, halafu hurudi kwao. Wengine hawakurudi. Walioa, wakazaa, wakazeeka Kwale na Kilifi. Watoto wao walizaliwa Kenya na kusoma Kenya, lakini hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote.

Na bila kitambulisho husajili laini. Bila laini huna akaunti ya pesa. Kwa hiyo mvuvi huyu alifanya walichofanya wengi: rafiki yake, Mdigo waliyekua naye, alimsajilia laini kwa jina lake. Miaka ikapita bila tatizo. Kila msimu wa kaskazi aliweka akiba humo, kidogo kidogo, akilenga mashine ya mashua. Haba na haba.

Halafu siku moja simu ikaanguka baharini.

Pesa hazikuzama. Zilikuwa salama kwenye akaunti. Tatizo lilikuwa kuzifikia. Ili laini irudishwe, mwenye jina lazima aje mwenyewe na kitambulisho chake. Na mwenye jina wakati huo alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi. Mvuvi alienda kwa wakala, akaeleza. Wakala akamwonea huruma lakini hakuwa na la kufanya. Akaenda dukani kwa kampuni ya simu, jibu likawa lile lile. Na kwa haki, jibu lile lile ndilo linalozuia mwizi asirudishe laini yako wewe.

Alisubiri miezi minane. Rafiki aliporudi, walienda pamoja, laini ikarudi, na pesa zote zilikuwepo mpaka shilingi ya mwisho. Rafiki hakuwa na kosa lolote. Lakini kaskazi ilikuwa imepita, mashine aliyoitaka ilishanunuliwa na mwingine, na alikaa kusi nzima akiwa kibarua kwenye mashua ya mtu. Alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu la haraka: je, angekuwa amefia huko? Tulimwambia ukweli. Pesa zingehesabika mali ya marehemu, na warithi wake ndio wangeanza kuzifuatilia. Yeye angebaki na maneno ya mdomo tu.

Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba rasmi kama jamii ya Kenya. Alipopata kitambulisho, hakukiweka kabatini. Siku hiyo hiyo alienda kusajili laini. Alitutolea simu akatuonyesha ujumbe wa kwanza aliotumiwa, wa shilingi 50 alizojitumia mwenyewe kutoka laini ya rafiki ili aone. Ulikuwa na majina yake matatu. Hajaufuta.

Mikoko nayo ina akaunti

Jioni tulitembezwa kwenye mikoko. Mto Umba unashuka kutoka Milima ya Usambara, na mvua ikinyesha sana kule Lushoto, Vanga ndio hulowa, hata kama hapa jua linawaka. Mikoko hupunguza nguvu ya maji, hushika udongo na hulea samaki wachanga. Wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamejiunga katika mradi wa Vanga Blue Forest, unaolinda hekta 460 hivi za mikoko. Hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo huhesabiwa na kuuzwa, na pesa hurudi kwa jamii kwa miradi kama maji na shule.

Tuliuliza wanafanyaje ili pesa za watu wengi zisilete ugomvi. Kwa ufupi: vikao vya hadhara, daftari, na matumizi kukubaliwa kabla ya pesa kutoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata chama cha watu watano kinachochanga kwa simu kinahitaji hayo.

Ukiwa mpakani, fanya hivi

Haya ndiyo tuliyowaambia watu wa Vanga, na mengine wao ndio waliotuambia.

Kwanza, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Kama ulisajiliwa na rafiki, mume, mwajiri au mtoto, na sasa una kitambulisho, fungua laini yako na uhamishie pesa zako huko leo. Usingoje simu ipotee.

Pili, soma jina kabla ya kuweka nambari ya siri. Kwa nambari ya Tanzania hakikisha imeanza na 255, na umwombe mwenzako akutumie nambari kwa ujumbe badala ya kuitaja kwa mdomo kwenye upepo wa ufuoni.

Tatu, ukikosea, piga huduma kwa wateja mara moja, kabla hujampigia uliyemtumia. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa ni vigumu kuzirudisha.

Nne, angalia kiwango cha kubadilisha fedha na ada kabla ya kukubali. Tuseme, kwa mfano tu, shilingi moja ya Kenya ni 19 za Tanzania. Shilingi 8,000 zitakuwa 152,000 kule. Kiwango kikiwa 18, zitafika 144,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 400 za Kenya, na hakuna aliyekuibia, hukuangalia tu. Mkubaliane pia mapema: bei ni ya pesa za nchi gani, na nani analipa ada?

Tano, simu ikikukaribisha Tanzania na wewe uko Kenya, ingia kwenye mipangilio uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiacha simu ichague. Zima data unapokuwa karibu na mstari. Hapo ndipo salio huishia.

Sita, usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata anayekubebea samaki, hata anayesema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi.

Saba, mwambie mtu mmoja unayemwamini una akaunti gani na wapi. Usimwambie nambari ya siri, mwambie tu kwamba ipo. Bahari ni bahari.

Tulipoondoka jua lilikuwa linatua nyuma ya minazi. Yule mama karanga alikuwa amemaliza beseni lake na analipia mzigo wa kesho. Akaishika simu mbali kidogo na macho, akasoma jina lote, neno kwa neno, kwa sauti ya juu. Kijana wa boda boda akaitikia “naam!” ingawa si yeye aliyeitwa. Watu wakacheka, naye akabonyeza.

Je, wewe unaishi au unafanya biashara mpakani, Busia, Namanga, Taveta, Isebania au Moyale? Ukiwa na swali kuhusu laini yako au pesa uliyotuma, piga huduma kwa wateja au mwone wakala aliye karibu nawe, na uende na kitambulisho chako.